Paa la Turubai

Gari lenyewe ni la viti viwili,
boneti ndefu kama hotuba ya mshenga,
umbo la enzi ambazo mimi na Tibenkana hatukuwepo,
na baba zetu, waliokuwepo, hawakualikwa.
Bodi ni faiba. Injini ni ya Korola
iliyofia kwingine ikafufuliwa Kisekka
kwa bei ambayo mpaka leo sijatajiwa yote.

Liliingia Walukuba likivutwa kwa kamba.
Kirunda wa jirani alilizunguka mara mbili, akauliza:
"Nusu yake nyingine inakuja lini?"

Mwezi wa kwanza alihangaika na kichwa.
Si cha injini, chake mwenyewe,
kilichozidi kioo cha mbele kwa vidole vinne,
kikapokea kila mdudu wa mashamba ya miwa
kutoka Kakira hadi Bugembe.
Aking'oa kiti, akikata vyuma, akikishusha, alipiga mluzi.
Sasa anaiona barabara kupitia tundu la usukani
kama mtoto anayechungulia chungu.

Taa nazo zilififia kila akikanyaga breki.
Kwa siku tatu alilaumu betri.
Usiku wa nne nilimshikia tochi
nikamwonyesha waya mweusi, umekazwa vizuri kabisa
kwenye faiba.
"Faiba haipitishi umeme," nikasema.
"Hata pasi yangu inalijua hilo."
Akanyamaza. Akavuta waya mpya mpaka kwenye fremu,
akasugua kutu kwa msasa, chuma kikang'aa,
na ukuta wa kina Kirunda ukawaka mweupe,
mbuzi wao akasimama kama mshtakiwa.
Asante sikuipata. Aliniita fundi,
mara moja tu, kwa sauti ya chini.

Joto la ekzosi liliyeyusha kandambili yangu ya kushoto.
Akapasua debe la mafuta ya kupikia, akalinyoosha kwa nyundo,
akalifunga chini ya sakafu, nati mbilimbili katikati
ili hewa ipate pa kupita.
Geji ya petroli haijapona.
Tunapima tangi kwa kijiti cha muchomo:
kikitoka kimelowa hadi alama ya pili, tunafika Iganga;
kikitoka kikavu, tunakaa nyumbani tunapendana.

Kisha likaja paa, na paa ni langu.
Nilinunua turubai la lori la sukari,
bado linanata kwenye mikunjo.
Nikakata kielelezo kwa magazeti,
nikapaka uzi nta ya mshumaa,
nikashona mshono juu ya mshono
hadi cherehani ikalia kama inajifungua.
Imebaki kona moja, ya kulia, juu ya dereva.
"Hapo gundi inatosha," akasema mwenye gari.
Nikazima mashine. Sibishani na mtu aliyeshika gundi.

Jumapili ile mvua ilitukuta darajani,
Naili chini yetu imevimba, rangi ya chai ya maziwa.
Nilikuwa na senene wa kukaanga kwenye karatasi,
mapaja yangu makavu, karatasi kavu, senene wakavu.
Upande wa kulia, tone.
Likaingia kwenye kola ya shati lake la kanisani.
La pili likatua sikioni.
Nikahesabu mpaka kumi na tisa, kimoyomoyo,
nikitafuna polepole.
Alikaza macho mbele kama anayesikiliza taarifa ya habari.

Tulipofika, alizima injini,
akakaa, maji yanamtiririka puani.
"Kaudha," akasema, "turubai linashonwa kwa sindano namba ngapi?"
"Kumi na nane."
"Unayo?"
"Ninayo."

Akashuka, akazunguka boneti yote ile,
akaja kunifungulia,
maana mlango wangu bado unafunguka kwa nje tu.
Ameuandika ukutani kwa chaki,
chini ya mengine kumi na moja,
na mvua imeshafuta nusu ya orodha.