Vizibo vya Mkunazi

Ruwi, duka la vipuri, walizigeuza mara moja tu:
hizi hazitengenezwi tena, dada, kauze chuma chakavu.
Nikarudi Ibra nazo mapajani, ndani ya gazeti,
sahani tano za klachi, kila sahani matundu kumi na manane,
na kila tundu lina kizibo kilichoungua
kama mkate wa kumimina uliosahauliwa motoni.

Pikipiki ya mjomba Sleyum. Aliipanda akisoma mita za maji,
Mudhairib hadi Qabil, kalamu sikioni.
Nyuma ya nyumba tawi la mkunazi lilianguka na dhoruba,
likakauka majira mawili ya joto.
Majani ya mti huo ndiyo tuliyomwoshea.
Nilishika msumeno, nikauweka chini. Nikanywa kahawa.
Nikaushika.

Kunjumon, seremala wa mlango wa pili hapa sanaiya,
alilinusa gogo kabla ya kulisifu.
Kwa Kiarabu chake cha kuokoteza na changu cha gereji
akanionyesha kwa ukucha: nyuzi zisimame, zisilale.
Mti ukisuguliwa ubavu hupukutika,
ukisuguliwa kichwa hukuvumilia.

Tisini. Nilikata mia na ishirini,
naujua mkono wangu.
Siku tatu vikakaa ndani ya oili, kwenye kopo la maziwa,
na usiku wa kwanza vilitoa mapovu,
tuk, tuk, hata nikaamka kuvitazama kwa tochi.
Kisha jiliwa, nikavikandamiza kimoja kimoja.
Kisha msasa juu ya kioo,
hadi sahani ikalala bila kutikisika.

Mama, mzaliwa wa Wete, akachungulia kopo.
"Mti ndani ya injini? Hautaungua?"
Hauungui, mama. Unasugua huku unaoga.
"Basi unaendesha miiko," akasema,
akarudi kupeta mchele wake.

Alfajiri, kile kipando cha kutokea mjini, gia ya kwanza.
Niliachia vidole polepole:
ikateleza, ikawaza,
ikashika.

Nilipomwaga oili baada ya kilomita arobaini
ilikuwa na ungaunga wa hudhurungi chini ya beseni,
na kizibo kimoja hakimo. Sijui kimesagika
au kimejificha mahali, kinanisikiliza.
Vingine thelathini bado vimo koponi.
Vinakunywa.