Hesabu ya Elegu

Umeniuliza, Wabwire, kwa ujumbe wa saa sita usiku:
dereva wa trela analipwa ngapi?
Najua kilichokuwasha. Umeiona saa yangu mpya,
umesikia honi nilipopita kwenu Magodes,
watoto wakinikimbilia kama gari la bibi harusi.

Saa ni ya mkopo. Honi ni ya tajiri.

Nianzie chini, basi. Chini ya trela,
ndiko nilikolala miaka mitatu, taniboi wa Emuron,
kichwa karibu na tairi, sikio karibu na tangi,
maana wezi wa dizeli hawavai viatu.
Mshahara wangu ulikuwa swali: "Umekula?"
Nikijibu ndiyo, nimeshalipwa.

Emuron, mtu mgumu kama nati yenye kutu,
aliniachia usukani usiku mmoja, uwanja mtupu,
kreti mbili za soda zikiwa lango.
"Kwenda mbele hata ng'ombe huenda," alisema.
"Dereva huonekana akirudi nyuma."
Ukikata kushoto, mkia unakimbilia kulia.
Ukiufukuza, unajikunja kama nyoka aliyekanyagwa.
Nilivunja kreti tisa.
Alizikata kwenye chakula.

Kibali kilikula mbuzi wawili na baiskeli ya marehemu baba.
Nikakiweka mfuko wa shati, upande wa moyo,
nikazunguka nacho ofisi za matajiri miezi minane.
"Una uzoefu?" Ninao. "Wa karatasi?"
Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kulala chini ya trela
hakuandikwi popote.

Kisha safari yangu ya kwanza: saruji, Tororo hadi Elegu.
Mwamba wa Tororo ukabaki kwenye kioo cha pembeni
hata nikadhani nimeufunga kamba, nauvuta.
Mbale. Soroti. Lira. Kamdini. Gulu. Atiak.
Siku tatu kwenda, mizani ikinipima kama mshukiwa.
Siku sita kwenye foleni ya mpaka,
karatasi moja imekosa muhuri, na mwenye muhuri ana msiba.
Siku mbili kurudi, trela tupu likirukaruka nyuma yangu.

Sasa sikiliza vizuri.
Tunalipwa kwa safari. Foleni si safari.
Gurudumu lisipozunguka, wewe hupo.

Makubaliano: laki tatu na nusu.
Karani alisoma bila kuinua macho:
lita kumi na nne hazionekani, elfu sabini.
Kamba ya turubai, elfu kumi.
Na taniboi wangu, Obbo, yule mwenye kikohozi,
nilishindwa kumwuliza "umekula?" nikaishia hapo.
Nikampa ishirini na nane.

Nikampelekea mama hesabu pale Malaba,
anapokaanga chapati kando ya malori.
Hakusema hongera. Aliuliza, "Siku ngapi?"
Akachora vumbini kwa mpini wa mwiko,
akagawa, akafuta, akagawa tena.
"Elfu ishirini na mbili kwa siku," alisema.
"Mimi hapa nabakiwa na ishirini na tano,
na nyumbani nalala kitandani."
Akacheka mpaka chapati moja ikaungua.
Akanifungia hiyohiyo, iliyoungua, niende nayo.

Basi umepata jibu. Ungeishia hapo ungekuwa na akili.

Ila jana kiwandani, Wabwire,
nafasi ilikuwa ya mwisho, kati ya ukuta na lori jipya la watu,
wapakiaji wameacha mifuko, wananingojea nigonge.
Nikaweka gia ya nyuma. Nikatoa kichwa dirishani.
Mara moja tu, bila kurekebisha,
mkia ukaingia kama ulimi mdomoni.
Hakuna aliyepiga makofi.
Mzee mmoja alitikisa kichwa, akabeba mfuko wake.
Hilo karani hana safu ya kuliandikia,
wala sijui kama ni faida au ni ugonjwa.

Njoo Ijumaa. Beba blanketi, usibebe viatu vizuri.
Nimekununulia kreti mbili.
Nitakuuliza kama umekula,
na nitakulipa pia.