Mguu Mfupi

Ruggero Balestra alifika Newala akiwa na miaka sabini na miwili,
kofia ya jua, futi ya kukunja mfukoni,
na magoti yaliyokwisha kukataa kuchuchumaa.

Kwao Italia, alituambia, baba yake alikuwa fundi majeneza.
Kiti chake cha kwanza alikiunga kwa mabaki ya mbao
za hakimu mmoja aliyepimwa mnene
akafa amekonda.
Halafu vikaja viwanda: viti vya benki,
vya hospitali, vya viwanja vya ndege.
"Miaka arobaini nimewakalisha watu wanaosubiri."
Kimoja, cha kukunja, kilimjengea nyumba
kikamvunjia ndoa. Hapo hakuendelea.

Mama yangu, Somoe Nandonde, alikuwa anabangua korosho.
Hakuinuka kumsalimu.
Vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda,
jiwe, ganda, jiwe,
na chini yake kile kigoda cha mninga
nilichomchongea mwaka niliofeli mtihani.

Mgeni akapiga magoti, yale yale magoti.
Akapima. Akapima tena.
Mguu wa nyuma, wa kushoto,
umepungua kwa unene wa kidole.
Akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake
likiitwa katika soko la ugenini.
"Nani alikufundisha hivi?"
Nikajibu: sakafu.
Mwalimu Chilumba, mkalimani wetu, akatafsiri: ardhi.
Mgeni akaandika, akapigia mstari mara mbili.

Nyumba yetu imeinama kuelekea bondeni.
Ukimwaga njugu mlangoni
utaziokota jikoni.
Hilo hakuna aliyemwambia.

Baada ya miaka miwili kikaja kitabu cha picha.
Ukurasa mzima: kigoda, kimeng'aa,
juu ya sakafu nyeupe, tambarare kama maji ya karai.
Jina lake Somoe.
Mwalimu akapiga hesabu ya bei
akapata magunia kumi na moja ya korosho ghafi.
Mama alicheka mpaka akaliweka jiwe chini.

Ndani ya kitabu, barua:
"Fundi, kinayumba.
Watu wanakisifu kuyumba kwake, wanaandika makala.
Mimi usiku nakikalia peke yangu
na kadi ya mwaliko chini ya mguu.
Nilipima vibaya wapi?"

Ulikuwa msimu wa kupulizia salfa. Nikasema nitajibu.
Kisha tukavuna, kisha tukalima,
kisha binti yake akaandika mistari minne, ya mwisho shukrani.

Mwaka huu mjukuu amemwagia mama saruji.
Sakafu imenyooka, njugu hazitoki zilipoangukia,
na kigoda kinayumba.
Nikachukua msumeno nisawazishe ile mitatu.
"Usikiguse," akasema.

Basi nikaleta kitabu.
Nikachana ukurasa wenye jina lake, na uliofuata,
na ule wenye picha ya Ruggero akiwa kijana, shati limekunjwa mikono,
nikakunja, nikakunja tena, nikasukuma chini ya mguu.

Mama akakaa. Akajitikisa kidogo, huku, na huku.
Akanyoosha mkono kuomba jiwe.