Meno Thelathini na Matatu

Mwanzo wa msimu nililivisha gari viatu vikubwa,
mbili sitini na tano palipokuwa na mbili ishirini na tano,
kwa sababu njia ya Chiungutwa ikinyeshewa
humeza ekseli kama tonge.
Likasimama juu. Watoto wa Mkuti wakaliita Twiga.
Nami nikadhani nimemaliza.

Hakuna aliyeiambia geji.

Mshale uliendelea kuhesabu mizunguko
kwa urefu wa tairi lililokwisha kuuzwa,
kama mjane anayepakua sahani mbili.

Asumini ndiye aliyejua kwanza.
"Unakimbia."
"Themanini hiyo, tazama."
Hakutazama. Alishika mshikio wa juu ya mlango
toka kona za Ndanda hadi taa za Mingoyo,
safari baada ya safari, miezi sita,
na mimi nikigongesha kidole kwenye kioo cha geji
kama hakimu anayesoma kifungu.

Kisha tochi ya Mnazi Mmoja:
hamsini yangu kwao ilikuwa hamsini na nne.
Nikalipa elfu thelathini, nikiapa kwa jina la mshale.

Fundi Likwena hakubishana.
Alichora mstari wa chaki tairini, mwingine sakafuni.
"Sukuma."
Nikasukuma mpaka chaki ikarudi chini,
akanyoosha futi: mita mbili, sentimita hamsini na mbili.
La zamani alikuwa nalo kichwani: mbili, thelathini na nne.
"Kila likizunguka," akasema,
"unapita na shibiri ya mtoto ambayo hujaiandika."

Shibiri ya mtoto.
Nikakaa juu ya ndoo ya grisi.
Chama kilinilipa kwa kilomita za geji,
elfu sita msimu mzima, karani akasaini, nami nikasaini.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya faini:
mia nne na themanini na sita hazikulipwa,
kwenda Mtwara na kurudi,
na chenji ya kwenda Ndanda na kurudi.
Nilizipita zote. Dizeli yake nilinunua.
Vumbi lake Asumini alilifua.

Likwena akaingia chini ya gari, miguu tu ikibaki nje,
akatoka na kigurudumu cha plastiki kimepauka
kama punje ya kitunguu saumu.
Meno thelathini na matatu.
Mezani alikuwa na vingine viwili:
cha thelathini na moja, na cha thelathini.
"Hapana kinachokaa sawasawa.
Hiki kitakuficha kidogo. Hiki kitakusingizia kidogo.
Chagua uongo wako."

Kuku wa jirani akapita kati yetu, bila haraka.

"Kinisingizie," nikasema.

Tukatoka mpaka kwenye mawe ya kilomita,
yeye na simu mkononi, mimi na mshale kwenye sitini.
Jiwe hadi jiwe: sekunde sitini, na moja ya nyongeza.
Akagonga dashibodi kwa kifundo cha kidole,
kama anayesikiliza nazi.

Jumapili nikampeleka Asumini Ndanda.
Sikumwambia kitu. Mshale themanini.
Kwenye kona ya kwanza mkono wake ulipanda kwa mazoea,
ukasita hewani,
ukashuka, ukafunga upya kilemba.
Tulipita wauza ufuta, tulipita kanisa.
"Ulikuwa ukikimbia," akasema.
"Nilikuwa nikikimbia."
Akashusha kioo.

Kile kijigurudumu cha zamani alikichukua binti yetu, Zaituni.
Alikihesabu mlangoni kwa ukucha, jino kwa jino,
ulimi nje.
"Thelathini na mawili," akatangaza. "Kama mtu mzima."
Nikamwambia ahesabu tena.