Safu ya Mengineyo

Meza ndefu, kitambaa cheupe,
chupa ya maji mbele ya kila kiti.
Ziwa Kivu lipo dirishani; hakuna anayelitazama.
Bwana wa mradi anachora mti ubaoni:
mizizi ni sababu, matawi ni madhara.
"Na shina, tuliandikeje?"
Mmoja anasema umaskini. Kalamu inaandika umaskini.
Mwingine anasema uelewa mdogo wa jamii.
Mimi ni mkalimani, nalipwa kwa siku.
Nanyamaza kwa Kifaransa, nanyamaza kwa Kiswahili,
na kwa Mashi, lugha ambayo hakuna aliyeiulizia.

Jana nilipanda Kadutu na fomu arobaini.
Mvua ilinyesha alfajiri, udongo umekuwa sabuni.
Nilivua viatu, nikavibana kwapani pamoja na fomu,
nikapanda kwa mikono na magoti, mtafiti mimi,
watoto wakinihesabia kila nilipoanguka:
"Mbili! Tatu! Huyu atafika kesho!"

M'Zihindula alikuwa mlangoni, anachambua maharagwe.
Akanisogezea kiti.
Choo chenu ni cha aina gani? Akajibu.
Mnanawa mikono mara ngapi kwa siku?
Akajibu, macho kwenye magoti yangu.
Swali la kumi na saba, hitaji lenu la kwanza:
maji, choo, mafunzo, au mkopo mdogo.
"Ngazi."
Nikamwambia ngazi haimo.
"Andika ngazi."

Kisha akasimulia, na vidole havikuacha maharagwe.
Bintiye Nankafu alishikwa na uchungu usiku wa mvua.
Wanaume wanne wakamteremsha juu ya kiti cha plastiki,
na Muderhwa, aliyekuwa mbele, akateleza.

"Kiti chenyewe ndicho hicho ulichokalia."

Nilitazama chini: mguu mmoja umefungwa kwa waya.
Nikataka kusimama.
"Kaa," akasema, "bado una maswali."

"Vyoo mlituletea, mwaka ule wa mabango.
Tunavitumia, asante, mlango una jina lenu.
Lakini mwanangu hakufia chooni.
Alifia pale konani, chini ya mgomba wa Balola,
pale ulipoanguka wewe, mzima,
huna hata mimba."

Vipandio mia mbili na sita.
Alishavihesabu; mwanawe mdogo
alichomeka vijiti udongoni kutoka mlangoni hadi barabarani.
Mawe yapo, mikono ipo.
Saruji ndiyo haipo.

Ubaoni mti umejaa matawi.
Sambusa zimepita, chai imepita, bajeti imefika:
gari moja, mafuta ya gari, dereva,
warsha ya kufungua, warsha ya kufunga.
Gari halifiki kwa M'Zihindula. Halifiki hata nusu.
Bwana wa mradi si mtu mbaya.
Ana picha ya bintiye kwenye simu, halali vizuri,
na jina langu analitamka kwa bidii, akilikosea kila mara mahali papya.
Anapekua fomu, anasimama kwenye ya thelathini na moja.
"Hapa chini kabisa, kwenye Mengineyo, umeandika nini?"
Nikamwambia. Mtu akacheka kidogo, bila ubaya.
"Ngazi inapima nini?" akauliza. "Tutaihesabuje kama matokeo?"

Nilikuwa na jibu kwa lugha tatu.
Nikasema: mia mbili na sita.

Akaiandika pembeni mwa ubao, nje ya mti,
akaweka alama ya kuuliza,
akaitazama kitambo.
Kisha wakatuita kula.

Sikwenda mezani.
Niliteremka ngazi za hoteli hadi ziwani,
zege safi, mkono wa chuma umepakwa rangi ya samawati,
manyunyu yakianza.
Thelathini na mbili. Nilizihesabu kwa sauti.
Mlinzi akavua kofia,
akidhani ninasali.