Mchimbaji Mwenzangu

Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe.
Huyu alichimba yeye, nikaingia mimi,
mimi na baiskeli na sukari kilo mbili,
Jumamosi usiku, kati ya Handali na Idifu,
mwezi wa Julai, upepo wetu ule unaopekua koti
kama mtu anayetafuta pesa.

Nimeshakutana na wengi njia hii.
Digidigi, wale wawili-wawili,
macho yakiudaka mwanga wa tochi kisha yakiuachia.
Nungunungu aliyekataa kunipisha,
akavimba katikati ya njia kama mjumbe wa nyumba kumi.
Na fisi mmoja, mwaka ule wa njaa;
tulipishana kimya, kila mtu na lake,
nami nikasema "Habari za usiku" kabla sijafikiri.
Hakuitika. Lakini alipunguza mwendo.

Ila huyu sikuwahi.
Nilikuwa chini, mguu mmoja shimoni hadi gotini,
gurudumu la mbele bado linazunguka, tik, tik, tik,
ndipo udongo uliponipiga usoni.
Haukuwa wa hasira. Ulikuwa udongo wa mtu aliye kazini
asiyejua kuna mwingine nyuma yake.

Hatua tano tu, kwenye kichuguu,
mgongo uliopinda chini ya mwezi,
masikio ya punda, pua ya nguruwe iliyovutwa ikarefuka,
mkia mzito kama mchi.
Mhanga.
Marehemu baba alimtaja mara moja,
akasema ukimwona usihadithie, watasema umelewa.

Nikalisahau goti.
Miaka kumi na mmoja nachimba Mtumba,
misingi, makaro, mitaro ya mabomba,
najua sururu inavyoruka ikigonga jiwe;
nikamtazama kama fundi anavyomtazama fundi.
Mikono mbele, kucha kama sepetu,
miguu ya nyuma inasukuma kifusi,
hapotezi pigo, haombi maji,
hana msimamizi wa kumhesabia futi.
Ardhi ile ile inayonitoa malengelenge
kwake ilikuwa uji.

"Ndugu," nikamwambia, "wewe nani anakulipa?"
Masikio yakasimama. Moja likanigeukia,
jingine likabaki kwa mchwa.
Tukakaa hivyo, sijui muda gani.
Gurudumu lilikuwa limekoma.
Kisha akaamua kwamba mimi si kitu,
akarudi kazini,
akala alichokula, akaliacha shimo bila kulitazama,
akaondoka kwa ncha za vidole
kama anayetoka msibani mapema.

Wiki mbili baadaye nilipita tena, mchana.
Mle nilimoangukia amehamia ngiri na watoto watatu,
mikia juu, kama waliopewa hati.
Nikacheka peke yangu mpaka nikashuka kwenye baiskeli.
Maana lile jengo la ghorofa sita,
ambalo msingi wake niliuingia hadi kichwa kisionekane,
Alhamisi ile mlinzi alinisimamisha getini:
"Wewe una shida na nani?"
Nilikuwa nimefuata koleo langu.

Lakini usiku ule, niseme ukweli, sikuwaza hayo.
Niliikusanya sukari gizani kwa kiganja,
nusu sukari, nusu Chamwino,
nikafika nyumbani nachechemea.
Mke wangu Nyemo akaonja, akatema mchanga,
akauliza, umelewa?
Nikasema nimekutana na mhanga.
Akasema mhanga ni mimi,
mwaka wa nne huu nakuomba choo.

Mwezi ulikuwa bado upo.
Sururu ilikuwa nyuma ya zizi.
Nilichimba mpaka jogoo wa kwa Ndahani akawika,
nikitupa udongo nyuma, katikati ya miguu,
kuona tu inavyokuwa.