Moja, Kutwa Mara Tatu

Miaka kumi na moja nimeandika kwenye bahasha za kaki:
moja, kutwa mara tatu,
hapa Mburahati, duka la dawa linalotazamana na mashine ya kusaga.
Kwa asiyesoma huchora majua:
moja linachomoza, moja la utosi, moja linazama.
Dozi yangu mwenyewe sikuijua
hadi kengele ya parokia ilipogonga saa sita mchana
na Mama Restituta, yuko kwenye foleni na cheti cha mjukuu,
akanyamaza katikati ya neno. "Amoksi..."
Midomo ikicheza kidogo, macho chini.
Kisha akamalizia: "...silini. Ile ya maji."

Nikamuuliza. Hakunihubiria.
Alisema, "Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi
jumuiya iko kwangu. Njoo, kuna chai."

Msiseme nilikuwa gizani.
Mimi binti wa mpiga tarumbeta wa Kimoraviani,
nilimjua Yesu kabla sijajua kuhesabu.
Nilikuwa sebuleni.
Nilichogundua ni kwamba nyumba ina vyumba,
na jikoni kuna mtu amewasha moto tangu zamani.

Mama alipopiga simu kutoka Tukuyu hakupaza sauti.
Aliniuliza tu: "Tusekile,
na tarumbeta la baba yako sasa nimpe nani?"
Hilo sijalijibu.

Mkesha wa Pasaka umeme ulikatika
dakika tano kabla ya taa kuzimwa,
tukakosa kujua tumshukuru nani, Tanesko au liturujia.
Upepo wa mvua ulizima mshumaa wangu mara mbili.
Mara mbili jirani nisiyemjua aliuwasha kwa wake
bila kunitazama, kama mtu anayerudisha chenji.
Kisha mafuta kwenye paji, yananukia,
yakateremka hadi kwenye unyusi,
nami nikaogopa kuyafuta.

Ndipo nikaanza kuandika.
Kwanza nyuma ya bahasha, sentensi moja moja:
*Leo nimepiga magoti wenzangu waliposimama.*
*Kitubio ni kama sindano: kinachouma zaidi ni foleni.*
*Rozari imenipotea kwenye fumbo la tatu, nikaanza upya, nikalala.*
Mwenye duka akaikuta moja mkononi mwa mteja wa dawa ya minyoo.
"Dada, hapa tunauza dawa. Parokia iko kule."
Kweli yake.
Nikanunua daftari la jalada gumu,
nikaliacha kwenye benchi la wanaosubiri,
na kalamu nimeifunga kwa uzi wa bandeji.

Wakasoma. Wakaandika.
Mmoja: *Na sanamu je?*
Niliandika kurasa tatu, nikazichana.
Nikabakiza hivi: *Picha ya baba iko ukutani kwangu.
Sijawahi kuipakulia ugali.*
Mwingine akachora kicheko.
Mwingine alitaka tu kujua kama tuna dawa ya mba.

Halafu huyu,
mwandiko umelala kushoto, wino umekwaruza karatasi:
*Nilikuwa mmoja wenu. Niliacha mwaka aliofariki mtoto.*

Wiki ya tatu sasa.
Katekista Novati ameniandalia aya, zote nzuri.
Kuna na ile ninayowaambia wote hapa kaunta,
maliza dozi hata ukijisikia nafuu,
lakini huyu hakusema amepata nafuu.
Kila kengele ya mchana naufungua ukurasa ule,
naweka kiganja juu yake
mpaka kengele inyamaze, na mashine ya kusaga isikike tena.

Jana niliishika kalamu.
Chini ya maneno yake nikachora jua linachomoza.
Nikachora la utosi.
La tatu nililianza,
mtu akaingia anataka panadoli,
za watoto, za mia mbili.